Jina Litangulie Shairi

Bibi yangu mzaa mama, ambaye sote tulimwita Ayeeyo, hakujua kusoma wala kuandika, lakini kichwani mwake mlikuwa na mashairi mengi kuliko vitabu vya shule yangu ya msingi. Jioni, ngamia wakishakamuliwa na moto ukishabaki makaa, alikohoa kidogo kusafisha koo, akaanza. Na kila mara alianza vilevile: kabla ya ubeti wa kwanza alimtaja mtunzi. Ni fulani mwana wa fulani, wa ukoo fulani, alitunga mwaka wa ukame ule, akimjibu fulani aliyemsema vibaya kisimani. Sisi watoto tuliona anatuchelewesha. Usiku mmoja nilimkatiza nikamwambia, "Ayeeyo, hayo majina yaruke, tupe shairi lenyewe."

Alininyamazia kwa muda. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, shairi lisilotajwa mwenyewe ni ngamia aliyefutwa chapa. Ukimleta nyumbani bila kuuliza ni wa nani, watu watakuitaje?"

Nilikuwa na umri wa miaka minane. Jibu nililijua.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilikutana na kitabu cha B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis kuhusu ushairi wa Kisomali, kilichochapishwa mwaka 1964. Wasomi hao walieleza jambo ambalo Ayeeyo alilitenda kila usiku bila kulipa jina: kwamba miongoni mwa Wasomali kuna sheria ya hakimiliki isiyoandikwa popote. Anayeghani shairi la mtu sharti amtaje mtunzi, na sharti alitoe kama lilivyotungwa, kwa kadiri kumbukumbu yake inavyomruhusu. Kisomali kilipata mwandiko rasmi mwaka 1972 tu, lakini tungo za Sayid Mohammed Abdullah Hassan, aliyefariki mwaka 1920, zilivuka miaka yote hiyo zikiwa vichwani mwa watu. Hakuna aliyelipishwa kwa kuzihifadhi moyoni, na kunakiliwa huko ndiko kulikoziokoa. Kilichokatazwa ni kufuta jina na kuharibu maneno.

Nafundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Kaunti ya Garissa, mwaka wa 19 sasa, na katika miaka hiyo nimekaa pande zote mbili za jambo hili. Nimechukuliwa kazi yangu, nami nimechukua ya wengine. Ndiyo maana nikisikia mjadala wa hakimiliki za mtandaoni ukiendeshwa kana kwamba upande mmoja ni wezi na upande wa pili ni mabahili, moyo wangu hautulii.

Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, ilipoingia katika orodha ya vitabu teule, niliona wanafunzi wangu wakihangaika nayo. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Nikaamua kuwaandikia mwongozo: maudhui, wahusika, mbinu za lugha, maswali na majibu. Niliuandika usiku, baada ya kusahihisha madaftari, kwa muda wa miezi saba. Nikachukua mkopo wa Sh. 60,000 katika chama chetu cha akiba, nakala 500 zikapigwa chapa Nairobi, zikaja kwa basi katika katoni nne. Zilipofika nilifungua moja nikainusa. Sikuwahi kuliona jina langu likiwa limechapwa mahali popote isipokuwa kwenye orodha ya mishahara.

Miezi sita baadaye nilikwenda Masalani kwa mashindano ya drama. Msichana mmoja wa kidato cha nne alikuwa amekaa kivulini, anasoma kijitabu cha fotokopi kilichobanwa kwa pini. Nikainama kutazama. Yalikuwa maneno yangu. Mfano wa mafuriko ya Mto Tana niliokuwa nimeuweka kueleza kinaya ulikuwemo. Hata kosa la chapa la ukurasa wa 31 lilikuwemo. Ukurasa wa kwanza, wenye jina langu, haukuwemo. Juu ya jalada palikuwa na jina la saiba moja ya Garissa mjini na namba ya simu.

"Umekinunua kwa bei gani, mama?"

"Mia moja, Mwalimu. Ni kizuri sana. Nani alikiandika, unajua?"

Sikumjibu. Nilirudi Garissa na swali hilo kifuani. Hasira yangu haikuwa ya shilingi mia. Ilikuwa ya hilo swali.

Kijana wa saiba alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Aliponiona alisimama, akanipa kiti chake, akatuma mtoto aniletee chai ya maziwa. Nikaweka kile kijitabu mezani. Akainamisha kichwa, lakini hakukataa.

"Mwalimu, msichana wa Masalani angekupata wapi? Mvua ikinyesha barabara ile haipitiki. Nakala zako zilikuwa kwenye katoni nyumbani kwako. Wanafunzi walikuja hapa na moja iliyochanika, wakaniomba niwatolee kumi. Ningewafukuza?"

"Sijasema uwafukuze. Jina langu lilikukosea nini?"

Akakaa kimya. Halafu akasema polepole, "Ukurasa mmoja ni shilingi tano, Mwalimu. Wanafunzi walisema ule wa kwanza hauna maswali, niutoe."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi kuliko mafundisho mengi niliyopewa na wakubwa wangu. Hakuna aliyekaa akapanga kuniibia. Jina langu liliondolewa ili kuokoa shilingi tano, na walioliondoa walikuwa watoto ambao niliandika kwa ajili yao. Mambo mengi yanayoharibika katika maisha yetu huharibika hivyo, kwa mikono ya watu wasio na ubaya wowote, kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba ule ukurasa nao una kazi.

Nilikwenda kusoma sheria yenyewe badala ya kusimuliwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ni ya mwaka 2001, ikarekebishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 2019. Kazi hulindwa tangu inapoandikwa, hata kama hujaisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Ulinzi unadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Kifungu cha 32 ndicho kilichonisimamisha. Kinampa mwandishi haki mbili ambazo hawezi kunyang'anywa akiwa hai hata akiuza kila kitu kingine: haki ya kutambuliwa kuwa yeye ndiye mwandishi, na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Kumtaja mtunzi, na kutoharibu maneno. Ayeeyo aliyajua hayo mawili bila wakili.

Lakini sheria ileile ilinigeuzia kioo. Mwongozo wangu ulijaa manukuu ya Pauline Kea. Niliruhusiwa kuyatumia, kwa kuwa sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, mradi chanzo kitajwe. Inaruhusu pia mkusanyiko wa shuleni kuchukua dondoo fupi zisizozidi mbili za kazi moja, hapo napo kwa sharti la kutaja jina la kazi na la mwandishi. Nikachukua nakala yangu nikatazama jalada. Kigogo kwa herufi kubwa. Jina langu kwa herufi za kati. Jina la Kea halikuwepo juu. Lilikuwa limetajwa mara moja tu, katika utangulizi, mstari wa tatu. Mtu aliyeumba Sagamoyo, jimbo la tamthilia ile, na watu wake wote nilikuwa nimempa mstari mmoja. Niliona haya, nami bado naona haya ninapoliandika hili.

Wiki iliyofuata nilirudi saiba tukakaa nje, chini ya mwarobaini, mimi na yule kijana. Huku kwetu wafugaji wana desturi ya kumwazima jamaa aliyepoteza mifugo ngamia wa maziwa. Aliyeazimwa anakamua, anakunywa, anawanywesha wanawe. Ngamia anabaki wa mwenyewe, chapa haiguswi, na ndama akizaliwa ni wa mwenyewe. Hakuna anayemwita mwazimwa mwizi, wala hakuna anayemwita mwenye ngamia mchoyo kwa kutaka chapa yake ibaki. Nikamwambia, "Nakuazima ngamia. Sasa tukubaliane maziwa."

Tulikubaliana hivi. Ukurasa wa kwanza utachapwa daima na hautahesabiwa bei. Nakala itauzwa kwa Sh. 100, kati ya hizo 30 ni zangu. Mwanafunzi atakayekuja na barua ya mwalimu wake kwamba hana uwezo, atalipa karatasi peke yake. Faili ya PDF itakwenda bure kwenye vikundi vya madarasa. Kigogo chenyewe hatutakigusa, kwa sababu siwezi kumwazima mtu ngamia wa jirani. Tutaagiza nakala halali kumi kumi kwa basi kutoka Nairobi. Hesabu ikawekwa kwenye daftari la mistari. Kufikia mwisho wa mwaka nilikuwa nimetumiwa kwa M-Pesa Sh. 11,400. Yaani nakala 380 zilikuwa zimefika mahali ambapo katoni zangu hazikuwahi kufika.

Hapo ningeweza kusimama na kujiona mtu mwadilifu. Kisha ukaja mwaka 2020.

Januari mwaka huo walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, katika kaunti hii yetu. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu waliokwenda; tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, sitamlaumu mtu kwa kuhofia uhai wake. Lakini madarasa yalibaki. Shuleni kwetu tulibaki walimu wanne. Mimi nilifundisha Kiswahili, Historia, na hata Kemia kwa kusoma sura moja mbele ya wanafunzi. Halafu Machi ikaja korona, shule zikafungwa.

Usiku mmoja mwanafunzi wangu alinitumia ujumbe kutoka upande wa Hulugho: "Mwalimu, hatuna kitabu hata kimoja cha Kemia. Tufanyeje?" Nilichukua kitabu cha kiada nilichokuwa nacho, nikakipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, nikaunganisha zikawa faili moja, nikaituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha kidato cha nne. Sikumwuliza mtu. Asubuhi nilipoamka, faili ilikuwa imefika Wajir na Mandera. Binamu yangu aliyeko Nairobi alinitumia tena, akaniambia, "Angalia nimekupatia kitu cha maana."

Sikujisikia mwizi usiku ule. Wala sikujisikia kama niliyemwazima mtu ngamia wangu. Nilikuwa nimetoa ngamia wa mtu mwingine, bila kumwambia, kwa watoto wenye kiu. Na tofauti na ngamia, huyu sikuweza tena kumrudisha. Nakala ikishatoka haina kamba.

Mwezi uleule, huko Marekani, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilifungua kile ilichokiita maktaba ya taifa ya dharura, ikaondoa foleni za kuazima ili wasomaji wengi wasome kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Wachapishaji wakubwa wanne wakaishtaki, na Septemba 2024 mahakama ya rufaa ya huko ilishikilia uamuzi kwamba utaratibu wake wa kuazimisha vitabu vilivyoskaniwa ulikiuka hakimiliki. Nilipoisoma habari hiyo nilikiona chumba changu, simu yangu, na kile kitabu cha Kemia. Siwezi kusema mahakama ilikosea kabisa. Mwandishi wa kitabu cha kiada naye ana watoto na karo. Siwezi pia kusema kwamba mwaka ule ningefanya tofauti, kwa sababu yule mtoto wa Hulugho alikuwa na mtihani, mtihani haukumngoja wakili, na mimi ndiye niliyeulizwa.

Shule zilipofunguliwa nilimpigia simu mhariri wa kampuni iliyochapisha kitabu kile. Nilimweleza nilichokifanya. Alinyamaza, kisha akaniambia bila ukali, "Mwalimu, ungetuomba tungekuruhusu kwa miezi ile." Nikamwuliza, "Ningemwomba nani, saa nne ya usiku, nikiwa Garissa?" Hakuwa na jibu, nami sikumshikilia. Lakini tangu siku hiyo naona kwamba kiini cha tatizo hili kiko hapo. Kunakili ni kubonyeza kitufe kimoja. Kuomba ruhusa ni safari ya kilomita zaidi ya 360 mpaka Nairobi, barua, muhuri, na kungoja. Watu wengi hawachagui wizi; wanachagua mlango ulio wazi. Anayetaka haki za waandishi ziheshimiwe, afungue mlango wa kuomba uwe mwepesi kama ule wa kuchukua: namba ya simu ya kutuma ujumbe, bei inayojulikana, jibu siku hiyohiyo, na ruhusa ya bure kwa shule isiyo na mwalimu.

Kuna mlango mwingine ambao unafungwa taratibu, na watu wachache wanaliona hilo. Oktoba 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS, ilianzisha hapa Garissa maktaba inayobebwa na ngamia. Ilianza na ngamia watatu, na baadaye ikafika Wajir. Msafara ulibeba masanduku ya vitabu na hema. Hema lilikitwa, mikeka ikatandikwa, watoto wakakaa chini ya mgunga na kuchagua. Nilikuwa na miaka 14. Nilichokiazima mimi kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, na kona zake zilikuwa zimeviringika kwa kupita mikononi mwa wengine kabla yangu. Maktaba ilikuwa imekinunua mara moja. Baada ya hapo kilikuwa chetu wote, hadi karatasi yenyewe ichoke.

Kitabu cha kidijitali hakinunuliwi hivyo. Mara nyingi maktaba hupewa leseni, na leseni ina masharti. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliziambia maktaba kwamba kitabu chake cha kidijitali kikishaazimwa mara 26, leseni imekwisha, na maktaba inunue upya. Nilipolisoma hilo nilijaribu kuiweka picha yake huku kwetu: ngamia amefika Bour-Algi, mtoto wa 27 amenyoosha mkono, na kitabu kinatoweka sandukuni. Ni kitabu kilekile, hakijachanika, hakijapotea, kurasa zake ni nyeupe na maandishi yake ni meusi kama siku ya kwanza. Teknolojia ambayo ingemfikishia mtoto wa Modogashe maktaba nzima ndani ya simu ya mama yake imegeuzwa kuwa saa ya kuhesabu zamu. Kufuli za kidijitali nazo, ambazo sheria yetu inakataza kuzivunja, hazimjui mwalimu wala mwizi. Humfungia kila mtu sawa. Hapa naegemea upande wa msomaji bila kusita. Maktaba ya umma ikilipa bei ya haki kwa kitabu cha kidijitali, iruhusiwe kukimiliki na kukiazimisha, mtu mmoja baada ya mwingine, kama ngamia alivyofanya.

Kenya imeshaonyesha kwamba sheria inaweza kupanuka bila kumnyang'anya mwandishi. Mwaka 2017 ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, ambao unaruhusu vitabu kugeuzwa kuwa breli, sauti au maandishi makubwa kwa wasioona bila kungoja ruhusa ya kila mchapishaji, na marekebisho ya 2019 yakauingiza katika sheria yetu. Nimefundisha kijana mmoja asiyeona. Nilimsomea riwaya nzima kwenye simu, sura moja kila Ijumaa baada ya swala, nikijua kwamba sheria iko nasi.

Yule kijana wa saiba, sasa tuseme ndugu yangu mdogo, hakubaki kwenye fotokopi. Alianza kurekodi masomo: sarufi na fasihi ya Kiswahili, yakielezwa kwa Kisomali, ili mwanafunzi anayechunga mbuzi aweze kusikiliza. Aliyaweka kwenye jukwaa moja la video, na kwa wasio na intaneti aliyapakia kwenye memori kadi kwa Sh. 50. Watoto wa Ifo na Dagahaley, katika kambi za Dadaab, waliyasikiliza. Mwanzoni mwa kila somo aliweka sekunde kumi na mbili za ngoma na buraanbur, mashairi ya wanawake, alizozirekodi yeye mwenyewe kwenye harusi ya dada yake huko Bulla Iftin.

Siku moja masomo yakaanza kuondolewa. Mtambo wa jukwaa lile uliona kwamba mdundo ule unafanana na rekodi ambayo mtu fulani wa ng'ambo alikuwa ameisajili kuwa mali yake. Baada ya ilani ya tatu, idhaa yote ikafungwa, masomo 41. Alikuja nyumbani usiku, hakutaka hata chai. "Mwalimu, mama yangu ndiye anayepiga ile ngoma. Nimwambie mama kwamba si yake?"

Hapo nilielewa kwamba msumeno huu wa sheria hukata huku na huku. Kanuni iliyotungwa kumlinda mtunzi ilikuwa imemnyamazisha mtunzi kwa niaba ya mtu aliyefika kwanza kwenye dawati la usajili. Tulikaa siku mbili tukiandika majibu. Marekebisho ya 2019 yaliweka utaratibu wa ilani za kuondoa maudhui kwa watoa huduma wa intaneti hapa Kenya, na humo aliyelalamikiwa ana nafasi ya kujibu, na anayetuma ilani ya uongo kwa nia mbaya anatenda kosa. Tuna pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi, inayotambua kwamba ngoma kama ile ni ya jamii. Niliyataja yote. Idhaa ilirudishwa baada ya wiki tano. Mtihani wa kitaifa ulikuwa umeshapita.

Wiki tano kwa kampuni kubwa ni muda wa kawaida wa kushughulikia faili. Kwa mtoto wa kidato cha nne ni mwaka mzima wa maisha yake. Ninachokitaka hapa si kigumu: kazi ibaki mahali pake hadi mwenyewe asikilizwe, isipokuwa pale inapoonekana wazi kuwa ni nakala nzima inayouzwa. Mahakama zetu za kimila, chini ya mti, hazijawahi kumhukumu mtu ambaye hajapewa nafasi ya kusema.

Naamini heshima kwa mtunzi inawezekana kwa sababu nimeiona. Hargeisa ilipopigwa mabomu mwaka 1988, watu wa redio walikuwa wametoa kanda za muziki na kuzificha, nyingine zikafukiwa ardhini. Kaseti za watu binafsi, zilizonakiliwa nyumba hadi nyumba, zikahifadhi zilizobaki. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ilitoa kutoka kwenye hazina hiyo albamu ya Sweet as Broken Dates, yenye majina ya waimbaji na historia zao, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Hapa kwetu, akina mama wa kundi la Gargar walirekodiwa na Ketebul Music ya Nairobi, na jina la kundi lao na la mji wetu yako kwenye jalada: Garissa Express. Mama yangu hajui kusoma vizuri, lakini jalada lile alilishika kama hati ya shamba.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya sheria ya Kenya, ulinzi wa vitabu alivyochapisha akiwa hai ulikwisha mwisho wa mwaka 2012. Kusadikika, kile cha kona zilizoviringika, sasa naweza kukiandika upya chote kwa mkono wangu na kukituma kwa kila simu ya Garissa, na sitahitaji kuomba ruhusa ya mtu. Nimeanza kufanya hivyo, sura kwa sura. Juu ya kila sura naandika: Shaaban Robert, mwana wa Tanga. Hakuna sheria inayonidai kodi hiyo tena. Naidai mimi mwenyewe nafsi yangu, kwa ajili ya Ayeeyo.

Novemba 2023 Mto Tana ulipofurika na barabara ya Madogo kukatika, hakuna katoni ya vitabu iliyoweza kuvuka. Faili zilivuka. Wanafunzi walisoma kwenye simu, mabasi yakiwa yamesimama ng'ambo ya maji. Siku zile nilimshukuru Mungu kwa kila nakala iliyokuwa ikizunguka, yangu na ya wengine.

Kwa hiyo nina ombi kwako wewe unayesoma haya, hasa kama uko Garissa, Wajir au Mandera. Ukiwa na nakala ya mwongozo wangu wa Kigogo, ya fotokopi au ya simu, mpe mwenzako anayeihitaji, sikuzuii. Lakini ifungue uangalie kama ina ukurasa wa kwanza. Kama haina, ipeleke kwa yule kijana wa saiba. Nimemwachia ukurasa huo, toleo jipya, wenye jina la Pauline Kea juu na langu chini yake, naye atakutolea bila malipo.